Pengo la Jina la Bibi Harusi

Siku Mudathir, mpiga kinanda wake, alipoacha kuja mazoezini, kinanda alikuwa amekwisha kukichukua. Mwatumu, mwimbaji wa taarabu za harusi, alimngoja na chai ya vikombe viwili. Alikunywa kimoja, kingine akakirudisha birikani.

Korona ilikuwa imezima harusi mtaa mzima wa Ngamiani. Watu waliozana kimyakimya, wali wa sufuria moja, taarabu hakuna. Wiki iliyotangulia Mudathir alikuwa amemwambia, "Da Mwatumu, tuurekodi ule wimbo wa kumkaribisha bibi harusi. Mambo yakifunguka, tunao."

Aliuimba kwenye simu ya Mudathir: karibu nyumbani, nyumba ni yako. Alipofika pa jina akanyamaza, kinanda kikapita peke yake. Ndivyo walivyofanya siku zote. Jina la bibi harusi huingizwa siku ya shughuli.

Kampeni zilipoanza, gari la vipaza sauti likapita mtaani. Sauti ilikuwa ya Mwatumu. Kwenye pengo, mwanamume alitamka jina la mgombea udiwani, yule aliyesimamia kuvunjwa kwa vibanda vya mama lishe.

Jirani yake Samiha alikuwa barazani akichambua mchele. Kibanda chake kilivunjwa siku moja na vya wenzake.

"Hongera, shoga," alisema bila kuinua macho. "Nyumba umempa. Na kibanda changu?"

"Sikumwimbia yule, Samiha."

"Basi kaimba marehemu mama yako."

Mwatumu alikwenda mpaka ofisi ya kampeni. Mgombea alikuwa anakula. Mudathir alikaa nyuma ya kinanda, kavaa fulana yenye picha ya mgombea.

"Shikamoo, mheshimiwa. Naomba wimbo wangu utolewe garini."

"Marahaba. Wimbo wako una hati?"

"Una sauti yangu."

"Tena tamu, bibie." Alilamba kidole. "Mudathir, mtu wako huyu. Msindikize."

Langoni Mudathir alisema, "Watoto walikuwa wanalalia uji wa chumvi, dada yangu."

"Na wangu walikuwa wanalalia nini? Ungeniambia."

"Ungekataa."

Mgombea yule sasa ni diwani. Harusi zimerudi, na Mudathir anapiga na mwimbaji kutoka Pangani. Mwatumu haitwi popote. Mtaani wanasema ni wa diwani. Anauza machungwa stendi ya Muheza. Basi likiingia, wenzake hulikimbilia wakiita wateja. Yeye husimama chini ya dirisha na beseni lake kichwani, haiti.