Shusha Kiwiko, Mwalimu

Ulikuwepo, usijifanye hukuwepo. Ulikuwa umekaa kwenye nyasi karibu na masufuria ya chai, na Mwalimu Penjor aliposema yale maneno machache ya kumuuza mtoto wa watu, wewe ukainamia tambuu yako. Ukaipaka chokaa polepole, ukaikunja kwa uangalifu, kana kwamba ndilo jani la kwanza kuliona tangu uzaliwe. Hukusikia. Hukuona. Upepo ulikuwa mkali, sivyo?

Basi utasikia sasa, na safari hii hakuna pa kuinamia.

Zile pinde za shule zilifika ndani ya masanduku, nyepesi, za rangirangi, pamoja na magodoro magumu ya kulengea na karatasi za miduara. Hadi siku hiyo kipindi cha mazoezi ya viungo pale shuleni kijijini kwetu Tselung kilikuwa kuzunguka uwanja mbio na kupiga mpira. Waliojua mpira walicheza, wasiojua walisimama pembeni wakipulizia viganja vyao. Mwalimu wa kipindi hicho ni Penjor, ambaye jioni na sikukuu ni mpiga mishale wa timu ya kijiji. Alipofungua sanduku la kwanza alifurahi kama mtoto. Halafu akahesabu darasa lake kichwani, akakumbuka kwamba nusu ni wasichana, na akalifunika tena.

Kwa maana mwanamke hagusi upinde. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Akiugusa, anauondolea bahati. Usiku wa kuamkia mechi wanaume hulala bandani, mbali na wake zao, wasije wakabeba mkosi mpaka uwanjani. Chakula kinachowashibisha huko bandani kimepikwa na nani, na vile vitambaa wanavyoning'iniza viunoni wakigonga shabaha vimefumwa na mikono ya nani, hilo haliulizwi.

Mzee Gyembo, Ap Gyembo kama tunavyomwita, nahodha wa timu, hakukawia kufika shuleni. Alisimama mlangoni pa stoo, mikono nyuma, akauliza kwa upole kabisa, na upole wake ndio unaotisha, kama wasichana nao watashika.

"Hizi si pinde, Ap," Penjor akamjibu. "Ni vifaa vya michezo. Kama mpira tu."

Ap Gyembo akakitazama kimoja, akatema mate mekundu chini. "Mpira wenye ugwe."

"Ndiyo, Ap. Mpira wenye ugwe."

Mzee akacheka, akaenda zake. Tangu siku hiyo shule nzima ikaita kifaa. Nipe kifaa changu, nani kachukua kifaa changu. Penjor alijiona mjanja. Ila kila neno hilo lilipotajwa, kitu kidogo kilimchoma ubavuni, maana alijua halikutokana na ujanja. Lilitokana na woga.

Sasa Yangka. Ni binti wa dadake Ap Gyembo, kwa hiyo nahodha ni mjomba wake. Kwenye mpira alikuwa yule anayechaguliwa wakishaisha wengine wote, na timu inayombeba inaguna. Mwenyewe alikwisha kuzoea. Siku ya kwanza aliposhika kifaa alisimama, akavuta, akaishika pumzi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia kimbia. Mshale ukaingia kwenye rangi ya njano, katikati kabisa. Wa pili ukaufuata. Akageuka kumtazama mwalimu, uso umejaa mashaka, kama mtu aliyepewa chenji nyingi kuliko haki yake na anangoja kuambiwa arudishe.

Miezi ikapita, na akawa anajua hata makosa ya wenzake. Alikuwa akiwazunguka polepole, anamgusa huyu bega, anamshusha yule kidevu. Wavulana walimtania wakamwita Nahodha Kifaa, lakini wakikosa walimwita yeye, hawakumwita Penjor. Ilipotangazwa kwamba kutakuwa na mashindano ya shule za wilaya, wavulana na wasichana mstari mmoja, jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Mamake alimfumia kira mpya, vazi la kike la heshima. Msichana ambaye siku zote alichaguliwa wa mwisho, sasa alikuwa na safari.

Shida ilianzia kwa Penjor. Mechi ya kijiji dhidi ya jirani zetu wa Barkha ilikuwa inakaribia, na mkono wake umemsaliti. Mazoezini mishale yake ilikwenda kila mahali isipokuwa kwenye ubao wa shabaha. Wenzake walishaanza kumuuliza kama analenga Barkha au analenga mawingu. Alasiri moja, watoto wamekwisha kwenda, alikuwa nyuma ya shule na upinde wake mwenyewe, ule mkubwa wa kijiji, anakosa na kutukana chini kwa chini. Yangka alikuwa akirudisha vifaa stoo. Akasimama.

"Mwalimu, kiwiko chako kinapanda. Halafu ugwe unautupa, huuachii."

Penjor alimwambia amwoneshe. Yeye ndiye aliyemwambia, wala msichana hakuomba. Akampa upinde mkononi. Yangka akasita, akautazama, akasema huu si kifaa. Penjor akamjibu kwamba hapa hakuna mtu. Basi akaushika. Hakuweza kuuvuta hadi mwisho, lakini aliuvuta kiasi cha kutosha, akaonesha kiwiko kinakaaje na vidole vinafunguka vipi, kama mtu anayemwachia ndege. Akamrudishia. Penjor akashusha kiwiko, akaachia, na kule mbali ubao ukalia.

Hapa hakuna mtu, alisema. Kulikuwa na mtu. Mkata nyasi alikuwa ng'ambo ya ukuta, na mkata nyasi ana mdomo.

Mechi ilikuwa ya siku tatu zisizofuatana. Siku ya kwanza Tselung wakashinda, na Penjor aligonga kuliko wote. Vitambaa vilimjaa kiunoni mpaka watu wa Barkha wakamuuliza kama amekuja kupiga mishale au kufungua duka. Siku ya pili bado aligonga. Waliokosa ni wengine, Ap Gyembo mwenyewe akiwa mbele. Tselung wakashindwa. Ndipo mkata nyasi akanong'ona, mnong'ono ukapita kutoka sikio hadi sikio, na jioni wanaume wote wakakusanyika pale penye masufuria ya chai. Nawe ukiwamo.

Ap Gyembo akauliza kwa upole wake. "Mwalimu, mpwa wangu ameushika upinde wako?"

Mtazame Penjor sasa, kwa kuwa siku ile hukumtazama. Amesimama, vitambaa vya rangi tano vinampepea kiunoni, kila kimoja ni ushahidi kwamba mkono wa msichana haukuharibu kitu. Angeweza kuvishika tu, asiseme neno. Wasichana wamesimama hatua chache, kwenye mstari wa ngoma ya kuishangilia timu, na Yangka anamtazama bila hofu, maana anaujua ukweli na anajua mwalimu anaujua. Penjor akawaza kazi yake, nafasi yake kwenye timu, macho ya wazee.

"Aliushika bila ruhusa yangu, Ap."

Ndiyo hayo maneno. Machache namna hiyo.

Yangka hakulia. Aliyageuza macho yake, akatazama milima, na Penjor akahisi ngozi ya uso wake inawaka kama amepakwa pilipili. Ap Gyembo akatikisa kichwa, akasema mtoto akifunzwa kushika kidogo atashika kikubwa, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo mpira hauna ugwe. Upinde ukafukizwa moshi wa mti wa mreteni, kuutoa mkosi. Kesho yake mkuu wa shule akatangaza kwamba vifaa vitatumiwa na wavulana. Wasichana wataendelea na mazoezi ya kuimba na kucheza, nao ni mchango mkubwa. Wilayani watakwenda wavulana, kwa lori, alfajiri baada ya siku ya mwisho ya mechi. Penjor akapewa kazi ya kufunga stoo, na ufunguo akautumbukiza kifuani mwa gho, joho lake la kufunga kiunoni, mle tunamotia kila kitu, bakuli, tambuu na aibu.

Usiniambie ni mambo ya wazee. Bonde hili linakumbuka hata kama wewe umesahau. Mwaka ule wa mvua ya mawe, mama mmoja, Aum Choden, akiwa na mimba kubwa, alipandishwa njia ya juu, kwenye matope, asipite karibu na uwanja wa mishale. Akaanguka. Mechi ile mlishinda? Mlishindwa vibaya, na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Mlisema alipita karibu mno.

Penjor hakuwa mtu tena. Mkewe alimpakulia kitoweo cha pilipili na jibini, akala kama anayetafuna karatasi. Darasani wasichana walimsalimu kwa heshima ileile, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza, angependa wamzomee. Aliwakwepa kwenye ujia. Alikaa mwishoni mwa mkutano wa walimu na hakuinua mkono.

Ikafika siku ya tatu ya mechi, ya kuamua. Unajua desturi. Wanawake wa upande wa pili wana ruhusa ya kumkejeli mpiga mishale vyovyote wapendavyo, wamtaje pua yake, mkewe, hata deni lake, naye haruhusiwi kukasirika. Anayekasirika amekwisha. Anapaswa kucheka. Penjor aliposogea mstarini, Yangka akatoka kwenye ngoma ya Tselung, akakatiza uwanja mzima peke yake kwa ile kira mpya ya safari, akaenda kusimama na wanawake wa Barkha, kwao babake. Watu wakashangilia usaliti huo. Mtu akapaza sauti kwamba Nahodha Kifaa amehama timu.

Akaanza kuimba, na wanawake wakampokea.

"Shusha kiwiko, Mwalimu, shusha kiwiko, nani alikufunza wewe? Vidole vyako, Mwalimu, vilifunguliwa na nani? Mchana unavaa vitambaa vyetu, jioni hutujui!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Walidhani ni kejeli kama kejeli zote. Ap Gyembo alicheka mpaka akajishika mbavu. Ulicheka nawe, tambuu ikakutoka mdomoni. Ukimtoa mkata nyasi, katika bonde zima watu wawili tu walijua kwamba lile halikuwa tusi, lilikuwa jambo lililotokea.

Na Penjor naye akacheka. Desturi inataka acheke, akacheka. Akavuta ugwe, akakihisi kiwiko chake kikipanda kwa woga, akaisikia ile sauti, na akakishusha. Akaachia kama mtu anayemwachia ndege. Ubao ukalia. Tselung wakashinda. Wakamzunguka wakimchezea polepole, wakamning'inizia kitambaa kingine, na wote wakasema moshi wa mreteni umefanya kazi yake.

Wakati watu wanakunja mikeka, Yangka alimfuata. Alisimama mbali kidogo, kama mwanafunzi anavyosimama.

"Mwalimu, nina swali. Leo kilikuwa kifaa au upinde?"

Penjor akatazama huku na huku kama kuna anayesikia. "Tutaongea kesho, Yangka."

"Kesho lori litakuwa limeondoka," akasema, akamwinamia kwa adabu, akaenda.

Mpaka sasa hivi Penjor amekaa kwenye kizingiti cha stoo, jua linashuka, vitambaa hajavivua. Mkono ameuingiza kifuani, ameushika ufunguo, na hainuki. Hatainuka peke yake. Umemwona alivyo.

Kwa hiyo ni wewe. Tupa hiyo tambuu. Nenda pale kizingitini ukamwambie kwamba ulisikia ukanyamaza, kwa hiyo aibu yenu ni moja. Mwinueni huyo mwalimu, mfungue stoo, mchukue kimoja, mwende nacho nyumbani kwa akina Yangka kabla lori halijawashwa. Mpeni mkononi, mbele ya mjomba wake, wala msiseme kifaa. Semeni upinde. Semeni kwa sauti. Lori linaondoka alfajiri, naye awemo. Inuka, nenda sasa.