Pai Iliyozeeka Njiani

Meza waliyopewa ilikuwa ya pembeni, karibu na mlango wa choo, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Msoma mita alikunja karatasi ya tishu mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu ule, kisha akaijaribu meza kwa kiganja. Ilitulia. Mama yake alikuwa amekaa wima na gauni lake la buluu la kuendea harusini, mkoba mapajani, akiitazama saa ya ukutani kama mtu aliyetoroka kazini.

"Mama, weka mkoba chini. Leo wewe ni mteja."

"Najua," mama akasema, na mkoba hakuuweka.

Alikuwa amepika katika mkahawa ule miaka ishirini na miwili, na upande wa mbele hakuwahi kuketi hata siku moja. Ijumaa iliyopita alistaafu. Walimkatia keki jikoni, mwenye mkahawa akampa mkono wa kwaheri na kalenda ya mwaka uliokwisha nusu. Binti yake alipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaka nguo wala safari. Alitaka kula pai yake ya kuku ikiwa ya moto, mezani, kwa uma na kisu, kama wanavyokula watalii. Basi msoma mita akaomba ruhusa, akaacha mtaa mzima wa mita za maji bila kusomwa, akamleta.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mama hakulitaja. Watu wa mji walisema pai za mkahawa ule zimechacha. Alikuwa amelisikia neno hilo sokoni, akalisikia kwa wifi zake, na kila mara akalimeza na kujisemea kuwa watu wana wivu. Nyumbani hawakuwa na oveni, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujitetea. Leo alitaka kuonja mwenyewe, pale wanapoonjea wao.

Mhudumu akaja na kijitabu chake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mke hajambo?"

"Hajambo. Pai mbili?"

"Pai mbili."

Meza ya dirishani walikaa watalii wawili, mume na mke, wameungua pua kwa jua. Nao waliagiza pai. Zote nne zilitoka pamoja, juu ya trei moja, kwenye dirisha la jikoni, na mvuke wake ulionekana mpaka mlangoni. Mhudumu aliwapelekea watalii zao kwanza. Kisha akarudi kwenye dirisha la jikoni, akachukua mbili zilizobaki kuja nazo pembeni. Zilikuwa hatua kumi na nne. Msoma mita alizihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yake.

Hatua ya tano mvuke ukakatika. Ya nane ganda likabonyea katikati. Ya kumi na moja mchuzi ulioruka pembeni mwa sahani ukaganda na kufanya ngozi. Mhudumu alipozitua mezani, pai zile zilikuwa zimekauka kingo na kunuka mafuta ya zamani.

"Karibuni," akasema.

Msoma mita aliigusa yake kwa uma. "Hii ina siku ngapi?"

Mhudumu akainama, akaitazama kwa makini. "Tatu, dada. Kwa joto hili, tuseme nne."

"Si imetoka jikoni sasa hivi?"

"Imetoka sasa hivi."

"Na za wale?"

"Wale ni wageni," mhudumu akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. "Afadhali nyinyi. Mimi nikikaa hapa kula, hufika ina wiki nzima."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kula mkahawa ule. Msoma mita akaweka uma chini. Mama yake alikuwa amekata kipande, anatafuna taratibu. Alitafuna muda mrefu.

"Ndivyo watu wetu walivyokuwa wakila," akasema. "Miaka yote hii."

Mke wa mtalii alikuwa ameona. Alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe. Aliinuka na sahani yake, hajaigusa, akaja kumpa mama wabadilishane. Ganda likamporomokea mkononi kabla hajafika katikati ya chumba. Alisikitika sana. Akaichukua ya mama aipeleke jikoni, lakini alipopita kwenye meza yake pai ikafura, ikapata rangi, ikaanza kutoa mvuke. Mumewe akaipokea, akaila yote, akafuta sahani kwa mkate. Alisema kitu kwa lugha yao.

"Anasema hajawahi kula pai nzuri namna hii," mhudumu akafasiri.

Mama akatabasamu. Hakutaka, lakini alitabasamu, akainamisha uso. Kilichomuudhi msoma mita kuliko pai ni tabasamu lile. Akaagiza aitwe mwenye mkahawa.

"Hasira hasara, mwanangu."

"Basi niache nipate hasara!"

Mwenye mkahawa alikuja akiwa amekunjua mikono. "Mama yetu! Umependeza!" Alisikiliza malalamiko mpaka mwisho, akitikisa kichwa pale panapostahili. "Sisi hatubagui," akasema. "Jiko moja, unga mmoja, mpishi mmoja. Chakula kikishavuka dirisha, yanayokipata njiani hayatuhusu. Ila tuna sanduku la maoni."

Sanduku lilikuwa ukutani, karibu na mlango. Msoma mita aliandika ukurasa mzima kwa herufi kubwa, akaupeleka mwenyewe. Ulipofika sandukuni ulikuwa wa manjano, wino umefifia.

Mwenye mkahawa akausogeza kwenye mwanga. "Haya ni ya miaka kumi iliyopita," akasema kwa upole. "Ya zamani hivi hatuyashughulikii."

Mama aliinuka. Msoma mita alidhani wanaondoka, akachukua mtandio wake, lakini mama alikuwa ameelekea jikoni. Mpishi mpya, kijana wa kike aliyefundishwa na mama mwenyewe, hakuuliza kitu. Alitoa pai kwenye oveni, akampa na kijiko. Mama akala amesimama kando ya sinki, akipuliza kila tonge. Kisha akamlisha binti yake.

Ilikuwa tamu. Siagi, pilipili manga, kuku laini, ganda linalovunjika kabla ya kuumwa. Msoma mita alimeza, macho yakamjaa maji.

"Mama, nilikula hapa nikiwa na miaka ishirini, na rafiki zangu. Ilikuwa imechacha. Nilikudanganya kuwa nilipenda. Tangu siku ile nimeamini hujui kupika pai."

"Niliona usoni kwako," mama akasema. "Nikajua umenihurumia."

Mhudumu akaingiza kichwa dirishani. "Pai mbili, meza ya pembeni."

Mama akachungulia. Walikuwa mwashi wa mtaa wa pili na mkewe, wamekalishwa meza waliyoiacha wao, na mwashi alikuwa amekwisha kuinama kukagua ule mguu mfupi.

"Niazime aproni," mama akamwambia mpishi mpya.

"Mama, umestaafu," msoma mita akasema. "Twende zetu."

Mama alikuwa ameshajifunga. Alichagua pai mbili zilizokuwa ndani kabisa ya oveni, akazipaka siagi, akaziweka kwenye sahani alizozipasha moto kwanza. Akamshika mhudumu mkono.

"Kimbia, baba. Usitembee. Kimbia."

Mhudumu akakimbia. Wateja waliondoa miguu njiani. Hatua kumi na nne alizimaliza kwa saba, trei juu ya kichwa, na mama akawa ameegemea dirisha kwa viwiko vyote viwili akimwangalia. Mvuke ulikatika palepale ulipokatikia mwanzo.

Mwashi alikata kipande, akatafuna, akasukuma sahani. Alikuwa na sauti ya watu waliozoea kuitana juu ya kuta.

"Yule mama," akamwambia mkewe, "miaka yote hii, na kupika bado hajajua."