Mtani Hayumo Kwenye Kava

Kava la kanda ya video lilichapwa kabla sijaandika neno hata moja. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Msambazaji anapiga picha, anazipeleka kwa wenye maduka Kariakoo, wakizipenda ndipo anatafuta mtu wa kuandika hadithi inayofanana nazo. Abdi, msambazaji wangu, aliniletea kava lake Morogoro mwenyewe. Lilikuwa na Pendo, mwigizaji wake, analia, nyuma yake gari jeusi, pembeni kaburi lenye msalaba. Kazi yangu ilikuwa kuwaunganisha Pendo, gari na kaburi.

Sikulalamika. Niliacha shule darasa la nne nikaingia kiwandani, na kule ndiko nilikoanza kutunga michezo ya kikundi cha sanaa cha wafanyakazi. Kiwanda kilipouzwa, mwekezaji aliangalia mashine, akaangalia ngoma zetu, akauliza hizi ni za nini. Tukatawanyika. Tangu hapo nimeandika skripti nyingi za video, na karibu zote ni moja: tajiri, mke, hawara, mganga, hospitali. Hata usingizini naweza kukuambia ni katika sini gani, onyesho gani, mtu anazirai.

Hii niliamua iwe na kitu kimoja cha kwetu. Kwa kuwa kaburi lilikuwamo kwenye kava, nikasema mazishi yawe Uluguru, kijijini kwa mama yangu, juu ya Matombo, na awepo mtani. Nikaandika sini ndefu. Mwili umefika, watu wanalia, mtani anaruka kaburini, analala chali, anasema hatoki mpaka apewe chake. Anamsema marehemu kwa ubahili wake, wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Kwetu mazishi bila mtani hayajaisha. Na mtani niliyemwandikia sini hiyo alikuwa Stambuli.

Stambuli ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Waluguru. Ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa kikundi chetu, na meneja alimwogopa kuliko alivyoogopa chama cha wafanyakazi. Kiwanda kilipokwisha alihamia Dumila, anauza vitunguu barabarani, anakimbizana na mabasi ya Dodoma. Nilipomfuata kumwambia nimemwandikia sehemu, aliliacha basi likampita.

"Mluguru amemkumbuka bwana wake," akasema.

Kisha akaniambia bila utani kwamba maisha yake yote watu wamemcheka wakaenda zao, na hakuna kilichobaki. Ana wajukuu Tabora hawajawahi kumwona akifanya kazi yake. Alitaka awemo kwenye kanda, mara moja tu, ili wamwone.

Abdi aliisoma skripti akiwa amesimama. Akaikataa sini ya mtani. Nilibishana naye asubuhi nzima. Nilimwambia nitaipunguza, akakataa. Nilimwambia basi Stambuli apewe sehemu nyingine, akasema zote zina watu. Abdi si mtu mbaya. Sebuleni kwake kulijaa kanda zilizorudishwa, mpaka wageni walizikalia.

"Mzee Tomasi, mtu amenunua machozi," aliniambia. "Nikimpa kichekesho ananirudishia kanda yangu. Atajuaje kama huko kwenu mnalia hivyo?"

Nilichoka. Nikachukua kalamu nikaikata sini. Kukata ni kazi nyepesi kuliko kuandika.

Nilimpa kondakta wa basi ujumbe ampe Stambuli asije. Haukufika. Siku ya kupiga picha nilimkuta Matombo ameshatangulia, amevaa koti lake la zamani la jukwaani, viatu amevipiga rangi. Nikamvuta pembeni nikamwambia sini yake imekatwa.

"Imekatwa na nani? Wao au wewe?"

"Mimi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Aliangalia vyombo vilivyokuwa vinashushwa. Lile gari jeusi lilikuwa limeshindwa njia, na Pendo alikuwa anapanda kwa miguu, viatu vyake vya visigino mkononi.

"Basi nitabeba mzigo," Stambuli akasema. "Ndiyo kazi mnayotujulia sisi Wanyamwezi." Akajitwika sanduku la taa akaanza kupanda.

Kule juu kaburi lilikuwa tayari. Wazee walikubali kulichimba kwa sharti moja, kwamba lisifukiwe tupu, kwa sababu kaburi tupu linaita mtu. Kwa hiyo walikata mgomba, wakauviringisha shuka, ukawa ndio marehemu. Kina mama wa kulia walikusanywa na Bibi Eufrazia, mdogo wake mama yangu. Abdi alimwamkia kwa adabu, akamweleza wakati wa kulia na wakati wa kunyamaza. Bibi alimsikiliza tu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Pendo alilia, kina mama wakaitikia, mgomba ukateremshwa kaburini. Abdi akasema sasa wafukie. Hakuna aliyeshika jembe.

"Mtani yuko wapi?" Bibi Eufrazia akauliza.

Abdi akamweleza taratibu kwamba huu ni mchezo, bibi, mtani hayumo.

"Kulia ni mchezo, mwanangu. Kaburi si mchezo. Mmechimba, mmeteremsha, halafu nani atusafishie msiba?"

Abdi akanigeukia. Mama mmoja akasema mbona Mnyamwezi yule pale, amekalia sanduku. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka mlimani, mwanga unapotea. Abdi akajifuta uso.

"Haya, afanye upesi. Zima kamera."

Nilimwomba aiache iwake. Akasema betri iliyobaki ni moja, akimpiga picha huyu hana mazishi. Ilikuwa kweli. Mpiga picha akaifunika kamera kwa koti.

Stambuli alivua viatu, akavipanga vizuri ukingoni, akateremka. Akalala juu ya mgomba. Akaupapasa.

"Marehemu huyu namfahamu," akasema kutoka chini. "Mluguru kamili. Wa baridi, mlaini, na ukimkata ndani ni maji tu."

Kina mama wakamzomea. Mmoja akamwambia atoke, mpagazi yeye, kwao Tabora wameishiwa mizigo ndiyo maana anatafuta maiti ya kubeba. Akawajibu kwamba Waluguru walikimbilia mlimani kuikwepa kodi, sasa kifo kimepanda kwa miguu kuwadai. Akasema hatoki, kumenoga huku chini, kuna joto kuliko kwenye nyumba zao. Bibi Eufrazia akamtupia udongo. Stambuli akamshukuru, akasema sasa amejua nani alimnyima marehemu shuka ya pili. Hakutumia neno langu hata moja. Kina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini, khanga mdomoni, na Bibi mwenyewe akawa anapangusa macho kwa kiganja. Mwishowe wakamletea jogoo, ndipo akatoka.

Nilimwona Abdi anawatazama wale kina mama. Akamgusa mpiga picha begani.

"Washa. Washa sasa hivi."

Wakafukia. Nyuso zililowa, mabega yalitikisika, vichwa vimefunikwa. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera huwezi kujua mtu anatikisika kwa nini. Abdi alipata mazishi yake, na baadaye kanda iliuzwa, na watu wengi wameniambia wale kina mama walilia kweli kweli.

Tulishuka wakati ukungu umeshafunga njia. Stambuli alikuwa mbele yangu, sanduku kichwani, jogoo kwapani. Sikutaka aniulize, nikaanza mimi.

"Hukupigwa picha. Kamera ilizimwa."

"Najua. Nilimwona anaifunika."

Tukaenda kidogo.

"Kaburi lenyewe limo kwenye kanda?" akauliza.

"Limo."

"Basi nikiipata kanda nitawaambia wale watoto, babu yenu alikuwa humo ndani, mmechelewa kidogo tu."

"Watakuamini?"

"Hawaniamini hata nikisema nimeshiba."

Akahamishia jogoo kwapa la pili, tukaendelea kushuka.