Mkono wa Kusimamisha Kreni

Kikosi chetu cha kupandisha mizigo mizito kilikuwa chini ya Ngurumo kwa miaka saba. Jina hilo tulimpa sisi, naye alilipenda. Mzigo ukiwa hewani aliruhusu mdomo mmoja tu, wake. Ukiinua mkono kreni isimame, kisha ikaonekana hakuna tatizo, alikushusha mbele ya watu mpaka utamani ardhi ipasuke. Mimi nilishushwa mara moja, ikanitosha. Tukajifunza kunyamaza, na kwa upumbavu wetu tukakuita kunyamaza huko nidhamu.

Alipostaafu akaja mama mmoja mfupi, mpole wa sauti. Siku ya kwanza akasema yeyote asiyeridhika na jambo ainue mkono, kreni itasimama. Tukaitikia vizuri tu. Hakuna aliyemwamini.

Wiki hiyohiyo tulipandisha transfoma ya tani nane, tuivushe ukuta na kuiweka kwenye jukwaa la zege. Mikanda niliifunga mimi. Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa jukwaani akiuongoza mzigo kwa kamba. Ukiyumba hatua moja tu, unambana ukutani. Ulipokuwa unamkaribia, nikaona mkanda mmoja kama umeanza kuchanika. Nilimkumbuka Ngurumo, nikamkumbuka mama yetu nyumbani, mkono ukapanda.

Transfoma ikateremshwa. Dakika arobaini zikaliwa. Mkanda ulikuwa mzima; nilichokiona ni uzi wa gunia ulionasa. Niliona aibu ya kutaka kulia. Wenzangu walitazama viatu vyao, wakisubiri nichambuliwe kama karanga.

Yule mama aliutoa uzi, akautazama, akautupa.

"Umefanya vizuri," akasema. "Ukiona tena, inua tena."

Kisha akauliza kwenye redio kama kuna mwingine mwenye neno kabla hatujaanza upya.

Redio ikakwaruza. Alikuwa dereva wa kreni, mzee tunayemwita Mjomba, ambaye miaka yote hiyo sikumsikia akisema zaidi ya "sawa".

"Mama, jicho langu la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana. Upande huo huwa nakisia tu."

Niligeuka kutazama jukwaa. Mdogo wangu alikuwa bado amesimama palepale, kushoto kwa kreni, kamba mkononi, akitupungia tuendelee.