Tiki Ishirini na Nane

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya mshonaji huyu ilifika wiki nne.

Alipewa kazi moja tu: kila jioni amsimamie mama mkwe wake mazoezi, kisha atie tiki kwenye karatasi ya kliniki. Mifupa ya mama ilikuwa imepungua nguvu. Mkono ulishavunjika kwa kujikwaa tu kwenye zulia. Daktari wa mazoezi aliwaambia wazi kwamba mfupa usiopewa kazi unazidi kudhoofika. Basi mama ainuke kitini bila kushika, mpaka afikishe mara kumi. Siku ile pale kliniki alifikisha sita, akacheka mwenyewe. Haya, nani angeshindwa kusimamia hilo?

Yeye. Sare za shule zilimlemea, cherehani haikupoa. "Kesho, Mama," alisema jioni ya kwanza, na kesho ikazaa kesho nyingine. Asubuhi ya kurudi kliniki akakaa jikoni, akatia tiki ishirini na nane kwa mkupuo, akibadilisha kalamu ili zisifanane. Bidii hiyo angeitia kwenye mazoezi, mama angekuwa anaruka kamba.

Daktari aliisoma karatasi, akatabasamu. "Hongera, Mama. Leo tunaongeza uzito."

Akachukua mifuko miwili ya mchanga, akaifunga kwenye miguu ya mama. Mshonaji akamtazama mkwewe, akingoja aseme. Mama akasogea tu ukingoni mwa kiti, mifuko ikiburuta miguu yake sakafuni.

Mama akianguka leo, itavunjika nyonga.

"Daktari, mfungue. Hatujafanya hata siku moja. Hizo tiki nimetia mimi, leo asubuhi."

Daktari akaifungua mifuko. Akatoa karatasi mpya, akaandika juu yake: wiki ya kwanza.

Njiani mshonaji hakujua auweke wapi uso wake. "Ulijua, Mama. Mbona hukusema?"

"Nilikuona ukibadilisha kalamu. Nikajua umechoka, mwanangu. Sikutaka kukuongezea mzigo."

Heri angegombezwa.

Jioni ile cherehani ilifunikwa mapema. Mama akakaa kitini, akakunja mikono kifuani, akainuka. Mara moja. Mbili. Tatu. Ya nne ikamshinda, akarudi kukaa, akihema.

"Tatu zinatosha kwa leo," alisema mama.

Mshonaji akashika kalamu, akaandika tatu.