Kabla ya Wito wa Tatu

Jamani, Kabibi alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya nazi katikati ya studio ya redio, Malindi mjini, kizio cha nazi mkononi, kipaza sauti puani.

Alikuwa ameigeuza riwaya ya Mwalimu Mwaro iwe mchezo wa redio. Riwaya ya maajabu, jamani! Msitu unatembea, na jini linamwita msichana Dama kwa sauti ya mamake. Na mtu wa pwani anajua: ukisikia jina lako na anayekuita humwoni, huitiki. Jini huita mara mbili tu. Wa mara ya tatu ni binadamu. Sasa kati ya wito wa pili na wa tatu, Mwalimu Mwaro kaandika kurasa nzima Dama kanyamaza, anangoja. Hapo ndipo penye roho ya kitabu.

"Aitike tu, madam," Njenga, fundi wa mitambo, mtu wa bara, alimwambia asubuhi. "Kimya kikizidi, hii mashine inadhani stesheni imekufa. Inajirushia taarabu yenyewe."

"Akiitika kabla ya wito wa tatu," akasema Mwalimu Mwaro, "mimi na kitabu changu tunarudi nyumbani Muyeye."

Ndipo Kabibi, ambaye ndiye Dama wa mchezo, akawaza mbuzi. Dama awe anakuna nazi! Hajaitika, na mashine inasikia kuna mtu.

Taa nyekundu ikawaka. Wako hewani, hakuna kurudia.

"Damaaa!" Bi Mapenzi, aliyeigiza jini na mama pia, aliita akiwa ametia uso ndani ya mtungi. Sauti ikatoka nzito, ya kaburini.

Kru, kru, kru. Kabibi akakuna.

"Dama mwanangu, njoo unipokee mzigo."

We! Ilivyokuwa tamu hiyo sauti! Kabibi alilelewa kwa kofi: mkubwa akiita, unaitika. "Abee" ikampanda hadi kwenye ulimi. Akaimeza, na katika kuimeza mkono ukateleza. Meno ya mbuzi yakamla kidole gumba. Kizio kikabingirika chini ya meza.

Kimya.

Taa ya manjano kwenye mashine ikaanza kupepesa. Njenga akazungusha mikono kama mwendawazimu: sema! sema chochote! Kabibi akauma midomo, damu inadondokea leso. Bi Mapenzi naye hawezi kuita. Akiita sasa, kile kimya chote cha kitabu kimepotea.

Mwalimu Mwaro, aliyekuwa ameketi pembeni akisikiliza, akasimama.

Basi, Kabibi akajisemea, kitabu hicho kinaondoka.

Mwalimu akainama, akaokota kizio, akamwashiria Kabibi kwa kidevu: ondoka. Akapandisha suruali yake ya pasi, akakaa juu ya mbuzi. Mwanamume mzima, mwalimu wa watu, juu ya mbuzi ya nazi! Bi Mapenzi akajijazia leso mdomoni.

Kru... krrr. Kru.

Alikuna kombo. Mara anakwama, mara anaruka, kama mkono unaotetemeka kwa hofu. Taa ya manjano ikazimika. Wote wakaganda wakimsikiliza, hata Njenga.

Kabibi akangoja, akangoja tena, kisha akainua kidole chake chenye damu. Bi Mapenzi akauweka mtungi chini. Akaita kwa sauti yake mwenyewe, karibu, taratibu.

"Dama."

"Abee, mama," akajibu Kabibi, na machozi yalikuwa ya kweli.

Njenga alipoweka muziki, Bi Mapenzi akapasuka. "Mwalimu, ile ulikuwa unakuna nazi au unapasua mbao?"

"Dama alikuwa anaogopa," akasema Mwalimu, akijipangusa machicha gotini. "Angekuna vizuri, nani angeamini?"

"Na kitabu, Mwalimu?" Kabibi akauliza kwa woga.

Mwalimu akamtazama. "Wiki ijayo msitu unaanza kutembea. Mmeshapata wa kuutembeza?"

"Bado."

"Mimi nitakuja." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini mke wangu akiuliza, aliyekuna ni Kabibi."