Miatine ya Ndinda

…na kwa nini aniletee leo, wakati maji ya asali yamepoa mpaka kidole kinavumilia, nani alimwambia, mimi sikumwambia, na sasa amesimama mlangoni na kifurushi cha majani ya ndizi, anatabasamu, Ndinda, mke mwenzangu, "Mama Kalunde, chukua miatine yangu, haijawahi kuniaibisha," na ndani tunda la kuchachushia pombe, limekauka, jeusi, nyuzi tupu, lakini yangu mimi nani aliiua? Jumamosi wakwe wanatoka Ikutha kuleta mahari ya Kalunde, wazee saba, na mahari haipokelewi kwa soda, pombe ikiharibika watarudi na mbuzi wao kama walivyorudi wale wa Syombua, miaka tisa iliyopita, mzee wao alionja, akatema pale pale uani, akavaa kofia, na Syombua wangu, kifungua mimba, leo anapikia madereva wa malori Mtito Andei na haji nyumbani hata Krismasi… na nani aliingia jikoni mwangu wiki ile kuomba moto? Huyu huyu. Hamira ninayo, kopo zima kutoka dukani kwa Salim, hamira haina kinyongo, haina mke mwenza, lakini hamira ni ya mandazi na pombe ya uji wa mtama, ukiitia kwenye asali inafoka siku mbili inakufa, inaacha harufu ya mkate, mzee atainusa tu aweke kibuyu chini, asali inataka miatine, ile inayokula polepole… lakini hii? Nainamisha pua. Sabuni? Majivu? Anacheka, "Wanusa nini sasa? Mimi huianika juu ya mwamba, juani, siitii kwenye gunia," gunia gani, nani ametaja gunia… gunia lilikuwa langu, lile la mahindi, lilining'inia juu ya meko, ndani yake miatine ile ya mwaka wa Syombua, na kabla ya hapo mahindi, na kwenye mahindi ile dawa nyeupe ya kuua wadudu, nililikung'uta mwenyewe, nikasema limetakata, Syombua ameshika upande wa pili, akaniambia, "Mama, bado linanuka," nami nikamwambia nyamaza, unajua nini wewe… Ndinda aliingia kuomba moto tu. Aliliona likining'inia? Miaka tisa nimempita kisimani bila salamu na hajasema neno, ama alingoja nimuulize, na mimi sikuuliza, nilijua tayari, nilijua kabisa… "Mama Kalunde, utaichukua ama? Mkono unachoka," anasema, maji yanazidi kupoa, nitaichukua, bila shaka nitaichukua, lakini mikono haiinuki bado, kwa sababu natafuta neno la kumpa Syombua na kila ninalolipata linaanza na lile nyamaza.